Hekima na Kibanja cha Marehemu

Kila Mkristo aliyejiandaa kupokea Kipaimara ameyataja mapaji saba ya Roho Mtakatifu mbele ya katekista wake, na la kwanza ni Hekima. Lakini tukiulizwa ni lini hasa paji hilo latuhusu, wengi hufikiri juu ya mambo makuu: askofu anapoliongoza jimbo, wakuu wa nchi wanapotunga sheria. Nyumbani, yasemekana, akili ya kawaida yatosha. Sisi hatukubaliani na fikira hiyo.

Tutazame Rubya, katika wilaya ya Muleba. Jina lake limevuma kwa elimu. Seminari yake ilianza mwaka 1904, na ni hapo Rubya, tarehe 15 Agosti 1917, vijana wanne, wawili wa Bukoba na wawili wa Ukerewe, walipopewa Daraja Takatifu la Upadre, wa kwanza kati ya wenyeji wa nchi hii. Kardinali Laurean Rugambwa naye alisoma katika seminari hiyo. Walakini mtu akitoka kwenye lango lake na kuingia kati ya migomba, atakutana na swali lisilojibiwa kwa Kilatini: baba amefariki, je, kibanja ni cha nani?

Msomaji wa mbali na ajue kwamba kibanja si shamba tu. Ni migomba na mibuni inayoizunguka nyumba; ni makaburi ya wazee; ni heshima ya ukoo. Rutuba yake imetokana na samadi ya ng'ombe na majani yaliyokatwa katika rweya, yaani uwanda wa nyasi, yakabebwa kichwani mwaka baada ya mwaka. Mara nyingi vichwa hivyo vilikuwa vya wanawake.

Desturi ya Wahaya ilimruhusu binti kuitumia ardhi ya ukoo, bali si kuiuza, na kanuni za sheria za mila zilizotangazwa na Serikali mwaka 1963 ziliandika vivyo hivyo. Tusiidharau desturi hiyo upesi. Wazee hawakuwa wajinga. Walitaka ardhi isitawanyike, makaburi yasiangukie mikononi mwa wageni, na wajukuu wapate mahali pa kusimama. Tena ukoo ulioshika ardhi ulikuwa umefungwa kumlisha mjane, na kumpokea binti ambaye ndoa yake imevunjika. Haki na wajibu vilikwenda pamoja kama pande mbili za jani moja. Lakini siku ukoo unapodai haki na kuusahau wajibu, kinachobaki chaitwa mila, nacho kimekwisha kuwa unyang'anyi. Tangu ugonjwa wa Ukimwi ulipotambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, wajane na yatima wengi walikuja kuijua tofauti hiyo kwa uchungu.

Yupo mwanamke wa Muleba aliyerithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake. Mwaka 1988 akaliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Ndugu mmoja wa ukoo akamshtaki. Mahakama ya Mwanzo ilimpa ushindi yule ndugu. Mahakama ya Wilaya ikatengua. Na mwaka 1990 shauri likaamuliwa na Mahakama Kuu, Mwanza. Jaji Mwalusanya alitamka kwamba kanuni ile yampunguzia mwanamke haki kwa sababu tu ni mwanamke, nayo haipatani na Haki za Binadamu zilizotiwa katika Katiba mwaka 1984. Hilo ndilo linalokumbukwa na wengi. Sisi twavutwa zaidi na jambo la pili: yule ndugu naye aliachiwa nafasi ya kulikomboa shamba, iwapo angelipa bei ile ile katika muda wa miezi sita. Binti amepata haki yake, na ukoo haukufungiwa mlango. Jaji aliwasikiliza wote wawili.

Na hivyo ndivyo Maandiko yatuonyeshavyo. Mfalme Solomoni, alipoambiwa aombe apendalo, hakuomba mali wala roho za adui zake, bali moyo wa kusikia. Shauri la kwanza tunaloonyeshwa baada ya ombi hilo si la vita wala la hazina. Ni ugomvi wa wanawake wawili wasio na cheo wala mtetezi, juu ya mtoto mchanga. Mfalme aliwasikia.

Basi tuseme wazi. Wako Wakristo wanaosali novena ili Mungu awape hekima ya kugawa urithi, hali mgawanyo wamekwisha kuupanga mioyoni. Hawaombi hekima, waomba muhuri. Mtakatifu Tomaso wa Akwino afundisha kwamba paji la hekima hukaa pamoja na mapendo, wala haliwezi kukaa pamoja na dhambi ya mauti. Mtu aweza kuwa na elimu tele, akajua vifungu vyote vya sheria, hata Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inayompa mwanamke haki sawa, na bado asiwe nayo. Kumfukuza mjane katika migomba aliyoilisha kwa mikono yake, kisha kupiga magoti kuomba nuru, ni kumwomba Mungu na kumziba kinywa.

Itaulizwa: je, anayesikiliza hawezi kukosea? Aweza. Paji la Roho Mtakatifu halimwondolei mtu kazi ya kuuliza, kuhesabu na kutafuta shauri kwa wanaojua sheria. Wala si kila anacholilia mjane ni haki yake. Huenda wako watoto wa mke mwingine, huenda liko deni. Hayo yote yapimwe.

Lakini jioni ile ya matanga, Rozari ikiisha kusaliwa na wazee wakiketi kuzungumza, mjane mara nyingi yuko jikoni akiwapikia. Na aitwe, apewe kiti, aseme wa kwanza. Chakula kitapikwa na mwingine.