Shetani Hakukata Tiketi

Anayetoka Moshi kwenda Handeni kwa basi hushuka Korogwe. Pale stendi, kati ya wauza machungwa na wapiga debe, hutafuta gari la pili, huvuka mto Pangani, kisha hushika barabara ya kusini, kilomita zipatazo 65. Wengi wana safari zao za kawaida: msiba, mahindi, likizo. Lakini nchi nzima inajua kwamba wapo pia wasiopenda kuulizwa waendako. Handeni imebebeshwa sifa ya uganga, hata ukisema fulani kaonekana huko, wasikiaji hutazamana.

Sifa hiyo inawaonea wenyeji. Mzigua anayejua mizizi na majani, akamchemshia mtoto dawa ya tumbo, hana kesi na Mungu. Ninayemfikiria mimi ni mgeni: Mkristo aliyebatizwa, pengine mzee wa kanisa, anayekwenda kutafuta kitu cha kumfunga mwenzake kazini au cha kumvuta mtu asiyemtaka. Siku mambo yakifichuka, atainamisha kichwa na kusema yale ambayo sote tumewahi kuyasikia, na pengine kuyasema: shetani alinipitia.

Tuifuate safari yake polepole. Aliomba ruhusa kazini akisingizia mgonjwa. Alitenga nauli. Alichagua siku isiyo na mazoezi ya kwaya, asije akaulizwa. Alishuka Korogwe, mji wenye makao ya Askofu wa Kianglikana wa Tanga, akaona misalaba juu ya mapaa, akapita. Alimnong'oneza bodaboda. Kila hatua angeweza kugeuka, na hakuna ambaye angejua. Shetani, kama alikuwamo garini, alikuwa abiria tu. Tiketi aliikata mwenyewe.

Papa Gregori Mkuu, katika karne ya 6, alifundisha kwamba dhambi hupita hatua tatu: wazo huletwa, moyo hulifurahia, nia hulikubali. Hatua ya kwanza yaweza kutoka kwa yule adui, na haina hatia. Yesu mwenyewe aliletewa mawazo kule jangwani. Ni vema waamini wanaojitesa kwa sababu tu wazo chafu limewajia walijue hilo, wapumue. Kazi kubwa iko katika hatua ya pili, pale ambapo bado hatujafanya lolote lakini tumeshamkaribisha mgeni na kumpa kiti. Huko hakuna anayetuona. Tunalipindua wazo, tunalionja, tunajiambia tunafikiri tu. Mtume Yakobo anatuelekeza hukohuko: kila mmoja huvutwa na tamaa yake mwenyewe, nayo tamaa ikishika mimba huzaa. Mimba huchukua muda. Tulikuwa na nafasi.

Augustino, Mwafrika wa Thagaste katika Algeria ya leo, aliijua raha ya kumtupia mwingine hatia. Kabla ya kubatizwa mwaka 387 alifuata dini ya Wamani kwa takriban miaka tisa, na baadaye alikiri kilichompendeza kwao: kusadiki kwamba si yeye atendaye dhambi, bali asili nyingine iliyomo ndani yake. Kiburi chake kilifurahi kutokuwa na kosa. Alipoongoka, alirudi kuutazama wizi wa mapeari alioufanya akiwa kijana wa miaka 16. Hakuwa na njaa, na kwao kulikuwa na mapeari mazuri zaidi. Hakulitafuta pepo la kubeba lawama ile. Alikaa na swali gumu zaidi: nilipenda nini?

Upande huu wa Tanga, wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walioanzisha misheni za Magila, Korogwe na Kideleko waliacha desturi ya kuungama kwa padri. Mwamini hupiga magoti na kutaja alichotenda yeye. Akianza kueleza jinsi jirani alivyomchokoza au mke alivyomkasirisha, padri mzoefu humrudisha taratibu: hayo ni ya kwao, wewe je? Ni dakika chache tu, lakini zina uzito wake, kwa maana hapo mtu husimama bila wakili.

Sisemi kwamba pepo hawapo. Edmund John, mwinjilisti wa Kianglikana aliyefariki mwaka 1975 na aliyejulikana kwa kuombea wagonjwa na kutoa pepo, naye aliwaita watu watubu. Wala sisemi mizigo yote ni sawa. Ukame, deni na mtoto aliyefukuzwa shule kwa ada humsukuma mtu kwa nguvu ambayo mwenye shibe haijui. Mungu anaipima. Msukumo hupunguza lawama, na wakati mwingine huipunguza sana. Lakini tukisema umeimaliza yote, tumemwondolea maskini hadhi ya kuwa mtu anayeweza kuchagua.

Hapo ndipo ninapouona ubaya wa udhuru ule wa kupitiwa na shetani. Aliyepitiwa hana cha kutubia. Kama dhambi ni ya shetani, basi na toba imfuate shetani, ambaye haitaki. Mimi nitabaki nilipo, nikisubiri anipitie tena, nikimwogopa kuliko ninavyomjua Mungu. Anayesema nimetenda huumia, lakini amekwisha kugeuza uso, kwa sababu mguu uliokwenda ndio unaoweza kurudi.

Katika sala aliyotufundisha Bwana, yule mwovu yumo, ila anakuja mwishoni. Kabla yake tunaomba tusiingizwe majaribuni, na kabla ya hapo tunaomba msamaha wa makosa, na makosa hayo tunayaita yetu. Anayesali kwa mpangilio huo atamfikia shetani akiwa ameshamaliza hesabu yake na Mungu, na hatakuwa na sababu ya kumtumia kama kisingizio.