Rasimu na Nia

Ndugu zangu katika imani, kila Ijumaa usiku huwa natuma mtandaoni rasimu ya shairi, na makosa yake humo humo. Rafiki mmoja akaniuliza, “Je, hiyo si ria?” Nikajitetea kwa Imamu Shafii, aliyeiandika upya Risala yake alipohamia Misri, hakuona haya kurekebisha kazi iliyokwisha kusomwa na watu. Lakini yeye alirudi akarekebisha. Mimi nilihesabu sifa, rasimu nikaziacha. Anayeonyesha kazi mbichi ili akosolewe anatafuta elimu; anayeionyesha ili asifiwe tu anajidanganya nafsi yake. Ijumaa hii situmi shairi jipya. Narudi kwenye la kwanza, nianze na lile kosa nililoonyeshwa nikanyamaza. Allah atutakasie nia zetu. Amin.