Siku ya 17: Mwalimu anakula nini?



Leo ni siku ya 17. Kila mwaka tukifika hapa tunazungumza Badr: wale watu 313 hivi, uchache wa silaha, msaada wa Mola wao. Leo naomba nianzie pale ambapo wengi tunaishia, yaani baada ya vita kwisha.

Mateka walikuwa 70 hivi. Wenye mali walijikomboa kwa mali, na fidia ya mtu mmoja iliweza kufika dirham 4,000. Lakini walikuwepo wasio na kitu ila wanajua kuandika, na wakati ule wajuao kuandika walikuwa wa kuhesabu. Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) aliwajaalia fidia yao iwe ni kufundisha: kila mmoja achukue watoto kumi wa Madina, awafundishe kuandika, wakishaweza vizuri basi yuko huru. Inasimuliwa kuwa Zayd bin Thabit (r.a.) alijifunza kuandika kwa njia hiyo, naye ndiye baadaye aliyepewa na Abubakar (r.a.) kazi ya kuikusanya Qur'ani.

Hebu itazame hesabu ile. Mtu huyo jana alikuja na upanga kuwaua, na bado jasho lake la kufundisha likapewa thamani, likahesabiwa pamoja na dirham. Alilipwa uhuru wake.

Nimeanza na hilo kwa sababu wiki iliyopita nilimwambia mtu maneno ambayo mpaka leo yananikera kifuani.

Kuna kijana anayesomesha watoto wetu madrasa. Wengi mnamjua, simtaji, na ameniruhusu niandike. Ana mwaka wa sita sasa. Watoto 70 na zaidi wanapita mikononi mwake, kuanzia wale wa irabu mpaka walioingia Juzuu Amma. Baada ya taraweh alinisubiri mlangoni, akaniambia, "Shekhe, baada ya Idi sitaendelea. Kuna mtu kanipa bodaboda, nitakuwa nampelekea hesabu."

Mimi nikafanya nini? Nikamsomea ikhlasi. Nikamwambia ujira wa mwalimu uko kwa Allah, asiuze akhera kwa dunia, avute subira. Alisikiliza kwa adabu zote, akainamisha kichwa. Halafu akasema neno moja ambalo ndilo limenifanya niandike haya: "Shekhe, mimi hata si mwalimu. Mimi nasaidia tu."

Miaka sita, watoto 70, halafu anasaidia tu!

Nilirudi nyumbani, sikula daku vizuri. Kwa sababu mimi, ndugu zangu, naitwa mwalimu mara mbili. Asubuhi ni Mwalimu, nina stashahada ya ualimu, nina mshahara, jina langu liko kwenye orodha ya serikali. Jioni ni Shekhe. Yeye hana cheti, hana mshahara, basi akajiona hana hata jina. Nami niliyeshiba ndiye niliyesimama kumhutubia mwenye njaa habari za kuridhika.

Nikakaa nikajichunguza mwenyewe, na niliyoyaona hayakunipendeza. Asubuhi, kwa kuwa nalipwa, nilikuwa najificha nyuma ya neno "kazi". Niliwahi kuwa na mwanafunzi anasinzia darasani kila siku. Nilimsimamisha, nikamtoa nje, nikaandika kwenye daftari. Kwangu mimi andalio la somo lilikuwa tayari na mada lazima iishe kabla ya mtihani. Sikumuuliza anasinzia kwa nini. Aliyemuuliza ni huyu kijana "anayesaidia tu", kwa maana mtoto alikuwa akija madrasa jioni. Akagundua mtoto anaamka saa tisa usiku kumsaidia bibi yake kukanda maandazi ya kuuza. Mtoto yule yule, asubuhi ni mvivu, jioni ni yatima anayelea nyumba.

Lakini nisijipendelee upande wa pili pia. Jioni, kwa kuwa silipwi, nilikuwa najificha nyuma ya neno "najitolea". Nachelewa, naingia wakati watoto wameshapigana vya kutosha. Nawatuma maji, nawatuma vocha. Mzazi akiuliza mbona mwanawe mwaka mzima yuko kwenye sura ile ile, moyoni nasema: huyu naye, analipa nini mpaka anidai? Ibn Sahnun wa Qayrawan, aliyefariki mwaka 256 Hijria, aliandika kitabu kizima juu ya adabu za walimu, akiyapokea mengi kwa baba yake, na hayo mawili yamo: mwalimu asiwatume watoto kwa haja zake, na asijishughulishe na mambo mengine akawaacha. Na humo humo wamezungumza ujira wa mwalimu bila haya yoyote. Kwao vilikwenda pamoja. Ukimlipa mtu, una haki ya kumuuliza. Usipomlipa, umemfunga mdomo wa kudai na wewe umejifunga wa kuuliza, na anayepotea katikati ni mtoto.

Najua wapo watakaosema mambo ya dini hayana bei. Wanachuoni wameyajadili haya karne nyingi. Wahanafi wa mwanzo walikataza ujira wa kufundisha Qur'ani. Waliokuja nyuma yao wakaruhusu, walipoona watu wamelegea na kuchelea Qur'ani isije ikapotea kwa kukosa wa kuifundisha. Sisi Mashafii hatuna tabu nalo, unajuzu. Tena hapa pwani wazee wetu walitoa wakfu minazi na nyumba kwa ajili ya misikiti na wasomeshaji. Walijua mwalimu ana tumbo.

Na wapo watakaonitajia Imam Ghazali, maana hata mimi ndiye niliyekuwa naye kichwani usiku ule. Mwaka 484 Hijria alipewa kiti cha kusomesha Nidhamiyya ya Baghdad, hakuna cheo cha ualimu kilichokuwa juu ya kile. Miaka minne tu, akaitazama nia yake akaona anasomesha kwa ajili ya jina na cheo, si kwa ajili ya Allah. Ulimi ukamzuia kusomesha, akaacha vyote akaondoka. Kisa kizuri, tunakipenda sana kwenye mihadhara. Tunachokiruka ni alichokieleza mwenyewe hapo hapo: aligawa mali yake, ila alibakisha kiasi cha kumtosha na chakula cha watoto wake. Umeona? Ghazali, katika saa ya kuikimbia dunia, alihakikisha watoto wana chakula kwanza. Na baada ya miaka zaidi ya kumi alirudi tena kusomesha, kule Nishapur.

Kijana wetu haikimbii nia mbovu. Anakimbia kodi ya chumba. Ni mambo mawili tofauti, nami nilimpa dawa ya ugonjwa asiokuwa nao.

Sasa niwageukie nyinyi kidogo, mnisamehe. Wazee wetu walitupeleka chuoni wakatukabidhi, na Alhamisi mtoto alikwenda na hela yake mkononi. Leo ada ya Alhamisi ni shilingi 500. Katika watoto 70 wanaoleta hawafiki 25. Piga hesabu mwenyewe: haifiki 12,500 kwa wiki. Mwenye bodaboda anaweza kuipata kwa siku moja, na jioni hakuna mzazi wa kumwambia mbona mwanangu hajui makhraj. Spika ya msikiti ilipoharibika mwezi wa Rajab fundi alilipwa siku ile ile, keshi, na hakuna aliyemwambia ujira wako uko kwa Allah.

Ndugu mmoja, Allah amlipe kwa nia yake, ameniandikia tumfikirie kijana kwenye zakatul fitri. Hapana. Kama ni masikini ana haki yake kama masikini wengine, sina neno. Lakini pishi ya mchele si mshahara. Ukimpa mwalimu haki yake kwa jina la sadaka, utamfundisha kweli kwamba yeye anasaidia tu.

Nilimfuata juzi nikamwomba radhi. Hakunijibu kuwa atabaki, wala sikumbembeleza. Nilimwambia akienda aende salama, bodaboda ni rizki ya halali, na watoto wataendelea kumwita mwalimu hata akiwa amevaa helmeti. Hilo lilimchekesha. Katika nchi hii tumeshamwona mmoja aliyeacha kazi ya kufundisha Pugu mwaka 1955 na jina la Mwalimu halikumwachia mpaka kaburini.

Kamati inakaa Ijumaa baada ya Asr. Ajenda ni moja: mshahara wa mwezi wa mwalimu wa madrasa, kiwango, nani anachangia, na nani atakuwa anakuja kukagua maendeleo ya watoto, mimi nikiwemo katika kukaguliwa. Akina mama tafadhali fikeni, pazia litawekwa, maana nyinyi ndio mnaojua ile 500 inatoka nyumbani ikaishia kwenye ubuyu. Mwenye simu ya mzazi ambaye hayumo humu ampelekee ujumbe huu.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullah.