Altezza Iliyotetemeka Barabara ya Dodoma

Kijana mmoja wa Kihonda, muuza vifaa vya ujenzi, alinunua Toyota Altezza yenye gia sita za mkono. Ni gari la spoti lililotengenezwa Japani kati ya mwaka 1998 na 2005. Injini yake ya lita mbili inasukuma magurudumu ya nyuma, na vijana wengi wanalipenda kwa jinsi linavyoshika kona. Aliyemuuzia alikuwa amelivalisha rimu za kung'aa za inchi 17 na matairi ya mtumba. Kashata zake, yaani meno ya tairi, zilikuwa bado ndefu, basi hakuna aliyeyatilia shaka.

Ukitoka Kihonda kuelekea Dodoma, ukishapita Mkundi nyumba zinapungua na barabara inanyooka. Hapo ndipo kijana alipokuwa akilikanyagia mafuta, na hapo ndipo usukani ulipoanza kumtetemekea mikononi. Likifika kilomita 100 kwa saa, unacheza. Akipunguza hadi 80, unatulia.

Akalipeleka gereji. Fundi alisikia neno "linatetemeka", na hapo hapo akatoa hukumu: diski zimepinda. Akaandika spea za kununua, diski mbili za mbele na pedi zake. Hukumu hiyo inatolewa kila siku katika gereji zetu, na inawamalizia watu pesa bure. Diski ya breki ni chuma kizito, hakipindi kirahisi. Kinachotokea mara nyingi ni unene wake kutolingana, upande mmoja mnene kuliko mwingine, na tofauti ya milimita 0.02 tu inatosha kuhisiwa. Pedi zikiibana diski ya namna hiyo, pedali inapiga mguuni na usukani unacheza. Kwa hiyo ugonjwa huo hujitokeza unapokanyaga breki. Gari la kijana lilikuwa likitetemeka bila hata breki kuguswa. Fundi angemuuliza tu kama linatetemeka akikanyaga breki, asingefungua hata nati.

Baya zaidi, hata kazi aliyoiamua hakuifanya sawasawa. Alipovua diski za zamani, uso wa habu ulikuwa umejaa kutu. Mswaki wa waya na dakika kumi vingetosha. Yeye akabandika diski mpya juu ya kutu ile ile, kisha akakaza nati kwa kuruka juu ya spana, moja baada ya nyingine kwa mzunguko badala ya kukaza kwa kukingamisha. Diski iliyokaa juu ya chembe ya kutu haizunguki wima. Kila mzunguko inagusa pedi mahali pale pale na kuliwa hapo hapo, na baada ya kilomita elfu kadhaa unene wake haulingani tena. Hivyo ndivyo diski mpya za kijana zilivyoharibika. Sasa gari lilitetemeka likikimbia, na lilitetemeka likifunga breki. Magonjwa yakawa mawili, na wa pili ukauficha wa kwanza, maana kila aliyelijaribu gari alikanyaga breki, akahisi mtetemo, akarudi kwenye hadithi ya diski.

Mtu mwingine akamshauri apige balansi. Ushauri haukuwa mbaya. Tairi la Altezza la inchi 17, lile la 215/45, mzunguko wake haufiki mita mbili. Kwa kasi ya kilomita 100 kwa saa linazunguka mara 14 kila sekunde. Gramu 30 zikizidi ukingoni mwa rimu, kwa kasi hiyo zinalivuta gurudumu kwa nguvu ya takriban kilo 5. Kwa kilomita 50 nguvu hiyo ni robo yake tu, ndiyo maana mjini huhisi kitu. Lakini tairi la mbele kushoto liliomba risasi za kusawazisha nyingi mno, na fundi wa balansi akazibandika tu bila kujiuliza kwa nini. Gari likatulia siku chache. Kisha mtetemo ukarudi, safari hii ukianzia 80. Baadaye 60. Mwishoni hata ndani ya Kihonda, kwa 40, usukani ulikuwa ukiyumba taratibu kushoto na kulia.

Siku ya siku alikuwa na mdogo wake, wakienda Dumila. Walikuwa maeneo ya Wami Sokoine, alikofia Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984. Tairi la mbele kushoto likapasuka. Kijana akakanyaga breki kwa nguvu zote, jambo ambalo tairi la mbele likipasuka hutakiwi kulifanya: unashika usukani imara, unaachia mafuta, unaliacha gari lipungue lenyewe. Gari likageuka, likatoka barabarani, likalala ubavu. Mdogo wake alivunjika mguu.

Gari lilivutwa hadi kwa mzee mmoja fundi, huko huko Kihonda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Poleni sana. Mtetemo ulianzia spidi gani?"

"Mia."

"Na mwishoni?"

"Hata arobaini."

"Basi hiyo haikuwa balansi. Balansi ina spidi yake, ukiipita mara nyingi inatulia. Huo wa kwako ulikuwa unashuka, kwa sababu tairi lilikuwa linaachana ndani."

Akamwonyesha mabaki. Kwenye mpasuko nyaya za chuma zilikuwa zimeachana na mpira, na zilikuwa na kutu. Hazikuachana siku ile. Ubavuni palikuwa na tarakimu nne, 3612, yaani lilitengenezwa wiki ya 36 ya mwaka 2012. Namba hizo zilikuwa upande wa ndani wa gurudumu, usioonekana mpaka uinamie au ulivue. Kupitisha kiganja juu ya kashata, gari likiwa juu ya jeki, kungeonyesha nundu. Kuhamisha magurudumu ya mbele kwenda nyuma, kazi isiyo na gharama, kungeuhamisha mtetemo kutoka usukanini hadi kwenye kiti, na ugonjwa ungejulikana uko kwenye gurudumu wala si kwenye breki.

Ukarabati ulichukua muda. Mzee alisugua habu mpaka chuma kikang'aa, akapima diski zile mpya kwa mikromita, akazikataa. Akauliza za zamani ziko wapi. Kijana alikuwa amezitupa dukani kwake, nyuma ya mifuko ya saruji. Zililetwa, zikasuguliwa kutu, zikapimwa sehemu nane kila moja. Unene ulikuwa sawa kote, na bado juu ya kiwango cha chini kilichochapwa kwenye diski zenyewe. Mzee akazirudisha kwenye gari.