Maji Tahiri na Maji Salama

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeteremsha maji kutoka mbinguni akahuisha kwayo nchi na watu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake.

Amma baad. Katika darsa yetu ya baina ya Magharibi na Isha tulikuwa, mwezi uliopita, katika mlango wa maji, ambao ndio mlango wa kwanza katika vitabu vyetu vya fikihi. Ndugu mmoja akatuuliza juu ya maji ya mfereji ya hapa Lamu, ambayo tangu masika hutoka kwa vipindi, na yanaporudi baada ya kukatika hutangulia na utope. Je, yafaa kutawadhia? Tukamjibu kama tulivyosomeshwa na masheikh zetu: kwamba maji yakifika kulateni, nayo ni kama lita 216 kwa hisabu ya wengi, hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi ila yabadilike rangi au ladha au harufu, na utope wa mahali yapitapo maji haudhuru udhu, kwani ni kitu kisichoepukika. Waliohudhuria wakaridhika, nasi tukaridhika, tukafunga kitabu.

Baada ya siku tano ikatujia karatasi kutoka upande wa wanawake, imeandikwa kwa kalamu ya risasi. Mama mmoja ametuandikia kwamba mwanawe wa miaka miwili ameshikwa na kuhara. Jirani yake alimwambia asijisumbue kuchemsha maji, kwa kuwa sheikh amekwisha sema msikitini kuwa maji ya mfereji hayana neno. Naye auliza: je, ni kweli tulisema hivyo?

Ndugu zetu, hatukusema hivyo. Lakini hatukusema kinyume chake pia, na hapo ndipo lilipo kosa letu. Mtoto yule alilazwa siku nne, akapona, alhamdulillahi. Angalikufa, tungalikuwa na jawabu gani mbele ya Mola wetu? Kwa hivyo twaandika maneno haya, kwanza kurekebisha tuliyoyaacha wazi, na pili kusema mambo mengine ambayo kwa muda mrefu tumeyanyamazia.

Kulateni ni kipimo cha ibada. Sheria imetupa kipimo hicho ili tujue maji gani yanatuondolea hadathi na najisi, ikakiweka juu ya vitu vitatu ambavyo kila mtu anaweza kuvijua kwa jicho, kwa ulimi na kwa pua, ili dini isiwe nzito kwa bedui jangwani wala kwa baharia chomboni. Hakikuwekwa kuwa ni cheti cha tabibu. Vijidudu viletavyo kipindupindu na homa ya matumbo havina rangi, wala harufu, wala ladha. Gilasi ya maji yaweza kung'aa kama kioo na ndani yake mna maradhi ya kuua nyumba nzima. Maji hayo ukiyatawadhia udhu wako wasihi, na ukiyanywa wajidhuru. Hukumu mbili, na hazigongani.

Wala hili si neno jipya tulilolitoa kwa wazungu. Wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Shafi'i wameweka fungu la maji waliloliita mushammas, yaani maji yaliyopashwa moto na jua katika chombo cha madini katika nchi ya joto. Wakasema ni tahiri na yatahirisha, lakini ni makruhu kuyatumia mwilini, kwa kuchelea mbalanga. Na Imamu Shafi'i mwenyewe alibainisha kuwa hayachukii ila kwa upande wa tiba. Wako waliokuja baada yake, kama Imamu Nawawi, ambao hawakuona dalili ya kutosha ya madhara hayo. Lakini tazameni njia yenyewe: maji ni tahiri bila ya shaka, na pamoja na hayo fakihi asimama akauliza, je, yatamdhuru mtu? Swali hilo tulilipita mbio katika darsa yetu, na lilikuwamo ndani ya kitabu tulichokishika mkononi.

Sasa na tutazame maji yetu yenyewe. Yatoka katika vilima vya mchanga vya Shela. Mvua ikinyesha juu ya vilima vile hupenya mchangani, ikaenda kukaa juu ya maji ya chumvi yaliyo chini, kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya bahari. Hapana ukuta baina yao. Ni uzito tu unaoyatenga. Wenye ilimu hiyo wamekadiria kwamba kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, ziko mita 40 hivi za maji matamu chini ya usawa huo. Kwa hivyo mwenye kuvuta kupita kiasi akayashusha ya juu kidogo, chumvi hupanda kwake kutoka chini kwa masafa makubwa zaidi. (Wako watu wapendao kulazimisha kila aya ya Kurani iwe somo la sayansi, nasi si katika hao, lakini ni vigumu kuusikia utaratibu huu bila ya mtu kusema Subhanallah.) Mchanga ule ndio mtungi wetu. Anayekata kiwanja juu yake na kuchimba choo ametia choo katika mtungi, hata akiwa na karatasi zenye mihuri mia.

Na maji yakitoka salama huko, bado yana safari. Bomba likijaa maji yenye nguvu, penye tundu maji hutoka nje. Maji yakikatwa, bomba huwa tupu, na pale penye tundu huvuta kilicho nje kiingie ndani. Na nje kuna nini? Katika vichochoro vyetu bomba na mtaro wa maji machafu hupita ubavu kwa ubavu, na mahali pengine bomba limelala ndani ya mtaro wenyewe, pamoja na maji ya vyoo na mavi ya punda. Maji yanaporudi, mtu wa kwanza kufungua mfereji ndiye apokeaye kilichovutwa. Huo utope uliotangulia, ambao sisi tuliuita kitu kisichoepukika, katika mji wa mitaro kama yetu huenda si udongo mtupu.

Na matundu mengine ni ya mikono yetu. Wako watu, na baadhi yao husali safu ya mbele, ambao hutoboa bomba la umma usiku, wakaunga mpira na kuufunga kwa kitambaa na kamba. Mtu huyu huona amemhepa mwenye bili. La. Amewaibia majirani zake maji, kisha akawaachia mlango wa maradhi uko wazi. Mtume s.a.w. ametuonya na mambo matatu yaletayo laana, na la kwanza katika hayo ni kwenda haja penye maji ya watu. Basi ni ipi tofauti baina ya mwenye kuketi penye kisima na mwenye kufungua tundu katika bomba lipitalo mtaroni?

Tusijisahau sisi watu wa misikiti. Wazee wetu walipojenga birika walitia ndani yake visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu, na walikuwa na siku ya kulikausha na kulisugua. Leo tumeweka matangi ya plastiki juu ya dari, hayana vifuniko, na popo na kunguru ndio walinzi wake. Mtume s.a.w. alituamrisha kufunika vyombo na kufunga viriba, tena usiku hasa, naye hakuwa na darubini. Tulipanda juu ya dari ya msikiti tusomeshao, baada ya ile karatasi, tukafungua tangi. Hatutaeleza tulichokiona. Yatosha kusema kuwa wanafunzi wetu wa chuo hunywa maji ya tangi lile.

Ama wenye mamlaka, nao wana sehemu yao, tena kubwa. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, imempa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha, na tangu mwaka 2013 kazi ya kuleta maji imo mikononi mwa serikali za kaunti. Maji ni amana. Vipimo vyajulikana: Shirika la Afya Ulimwenguni lataka katika mililita 100 za maji ya kunywa asipatikane hata kijidudu kimoja cha kinyesi kiitwacho E. koli, na dawa ya klorini isipungue miligramu 0.2 katika kila lita yafikapo maji kwenye mfereji wa nyumba. Basi na wapime, si kwenye tangi kuu peke yake bali katika mfereji wa mwisho wa mtaa wa mwisho, na wabandike matokeo mahali watu wasomapo. Hilo si jambo la kuombwa kwa magoti. Sayyid Barghash alitawala Unguja kuanzia mwaka 1870, wakati kipindupindu cha mwaka 1869 na 1870 kilipokuwa kimejaza makaburi ya mji ule, naye ndiye aliyeleta maji kwa mabomba kutoka chemchemi ya Chemchem mpaka mjini. Hakusubiri kuambiwa na mtu kuwa raia wake wana haki.

Wako wasemao, wazee wetu walikunywa maji ya visima na hawakufa. Walikufa, ndugu. Nendeni makaburini mtazame urefu wa makaburi, mhesabu mangapi ni ya watoto. Na wako wasemao kwamba ajali haikimbiwi. Sayyidna Umar r.a. alipopata habari ya tauni ya Sham akiwa njiani alirejea na watu wake, na alipoulizwa kama aikimbia kadari ya Mungu, alijibu kwamba aikimbia kadari ya Mungu kwenda katika kadari ya Mungu. Kuchemsha maji ni kadari pia.

Na jambo hili twalisema kwa uchungu. Mtoto akihara, wako watu ambao humpeleka kwanza kwa mwalimu akaandikiwa kombe kwa zafarani, likakoshwa kwa maji yale yale ya mfereji, akanyweshwa. Hatutaki leo kurudia yale tuliyokwisha yaandika juu ya makombe. Twasema tu kwamba mtoto mwenye kuhara hufa kwa kukaukiwa na maji mwilini, na saa mbili za kungojea kombe ni saa mbili. Apewe mara moja maji ya chumvi na sukari: lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, anyweshwe kidogo kidogo, na apelekwe hospitali.

Basi jawabu la yule mama, na la kila aliyesikia maneno yetu nusu, ni hili. Maji ya mfereji tawadhia, koga, fulia. Ya kunywa, yachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa, kisha yachemshe mpaka yatokote dakika nzima. Kama makaa ni ghali, nasi twajua kuwa ni ghali, tia dawa ya kufulia isiyo na manukato, ile yenye nguvu ya asilimia 5, matone 2 katika kila lita, ungoje nusu saa. Au yatie maji yaliyo maangavu katika chupa ya plastiki nyeupe isiyo na rangi, uilaze juani saa 6, na kukiwa na mawingu siku 2 nzima. Na asije mtu akatwambia kuwa hayo ni mushammas! Chupa si chombo cha madini. Na madhara waliyoyachelea maulamaa hayakuthibiti, lakini kuhara kumethibiti.

Wako pia wanaochukia harufu ya klorini, na wengine wameuliza kama inayaharibu maji kwa udhu. Haiyaharibu. Ni kitu tahiri kilichochanganyika kidogo, na jina la maji halikuondoka. Mfereji unaotoa harufu kidogo ya dawa ni wa kufurahiwa.

Sahaba Saad bin Ubada r.a. alipofiwa na mama yake aliambiwa kuwa maji ni katika sadaka bora, akachimba kisima kwa ajili yake. Na Sayyidna Uthman r.a. alikinunua kisima cha Ruma kwa mali yake ili Waislamu wanywe bila ya kutozwa. Watu wetu bado wapenda sadaka hiyo, na kila mwaka hutuletea fedha za kuchimba kisima kipya. Twawaomba mwaka huu wazielekeze kwengine: vifuniko vya matangi ya misikiti na vyuo, na mabomba ya kuhamisha yale yaliyolala mitaroni. Kisima kipya katikati ya vyoo vya mji hakina thawabu tuijuayo.

Tangi la msikiti wetu litakoshwa Jumamosi, baada ya sala ya Alfajiri. Fundi amepatikana wa kifuniko, na mwenye ngazi ndefu tunamhitaji. Darsa itaendelea Jumatano katika mlango ule ule wa maji, na tutaanza upya kutoka ukurasa wa kwanza; nao wanawake, ambao walikuwa wakisikiliza nyuma ya pazia na kutuma karatasi, watauliza kwanza.

Wassalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh.