Ufunguo Chini ya Kawa

Wajukuu zangu, kila ikitokea ajali mbaya huzuka neno lilelile: umri wa leseni upandishwe. Kumi na nane haitoshi, iwe ishirini na moja. Nami huku nageuza vitumbua vyangu na kutabasamu, si kwa dharau, maana wasemao hivyo wana uchungu wa kweli. Shirika la Afya Duniani limeshasema kwamba duniani ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Hilo si la kuchekea.

Ila nikae mbele ya kijiwe cha bodaboda miaka yote hii nisione? Huyu mtoto wa darasa la saba anayenipita akiwa ananing'inia kwenye usukani, miguu haifiki chini, hakupewa ufunguo na sheria. Kampa dereva aliyekaa hapa kwangu anakula, aliyemwambia, "Hebu nishikie kidogo." Ndivyo udeiwaka, yaani kumshikia dereva pikipiki yake, unavyoanza. Leo anaisukuma kivulini, kesho anaiwasha, keshokutwa kapiga mshikaki wa abiria watatu anawahi hesabu ya tajiri kabla jua halijazama. Mshikaki huo, wanangu, ukiungua haugeuzwi.

Mkipandisha umri, sipingi. Lakini ni kama kuacha kibaba mkachukua pishi, na muuzaji ni yuleyule, kidole gumba kiko ndani ya kipimo. Aliyeipunja kumi na nane ataipunja na ishirini na moja.

New Zealand waliupandisha mwaka 2011, kutoka 15 hadi 16 tu. Ninachowasifia ni kile walichokianza tangu 1987: leseni ya hatua kwa hatua. Kwanza unaendesha na mzoefu pembeni yako. Ukifuzu, unaendesha peke yako, ila si usiku wa manane, wala hubebi wenzako wa kukupigia makofi. Jiko zima linajua habari hiyo. Binti hakabidhiwi sufuria ya pilau ya harusi siku ya kwanza. Anachambua mchele, anachochea moto, anaunguza chai mara mbili tatu mkacheka, ndipo siku moja unamwachia mwiko ukaenda msalani bila wasiwasi.

Mwenye pikipiki simlaani. Ana mkopo, ana ada za watoto. Hata mimi, mwaka fulani mvua inatanda, nilimtuma mwanangu wa miaka kumi na tano na pikipiki ya mjomba wake akanichukulie unga, maana wateja wa asubuhi hawangoji. Alirudi amebebwa. Goti limefunguka, na unga umeishia mtaroni. Aibu yangu niwaambie: neno la kwanza lililonitoka lilikuwa juu ya unga. Sasa ana watoto watatu, na kukiwa na baridi namsikia anavyopanda ngazi, hatua moja nzito, moja nyepesi.

Jana yule deiwaka mdogo alikuja kunywa chai, akauweka ufunguo mezani. Nikaufunika kwa kawa pamoja na vitumbua. Dereva wa pikipiki akaja mbio, "Bibi, ufunguo wangu hujauona?"

Nikamwambia akae kwanza, anywe chai, halafu aiendeshe yeye.