Mikono Katika Pingu

Mwaka 1972 Betty G. Miller, mchoraji kiziwi wa Marekani, alichora mikono miwili iliyotiwa pingu, vidole vimekatwa. Jina la mchoro lilisema kwamba lugha ya ishara ni marufuku. Msomaji mpenzi, walioipiga marufuku walikuwa walimu, tena wenye nia njema. Mkutano wao wa Milan, mwaka 1880, ulipitisha kwamba kiziwi afundishwe kwa kusema kwa mdomo tu, ili aweze kuishi nasi tunaosikia. Hapo ndipo ninapokwama. Wazazi wa Betty walikuwa viziwi. Ishara zilikuwa lugha ya nyumbani kwao. Ni hisani gani hiyo ya kumfanya mtoto aionee haya lugha ya mama yake? Nami sijitoi: nimewahi kumpigia kiziwi kelele sikioni nikajiona mwema, kumbe mikono yake ilikwisha kunijibu.

Mwaka 1989, katika Chuo Kikuu cha Gallaudet, Miller na wenzake walitangaza kwamba sanaa inayotokana na maisha ya viziwi ina jina na hadhi yake. Alifariki mwaka 2012. Miaka miwili kabla ya hapo, mkutano wa kimataifa wa elimu ya viziwi, huko Vancouver, ulikuwa umeeleza majuto yake juu ya Milan, baada ya miaka 130.